Daftari la Kipupwe

Mwezi wa sita umeingia Kibakwe kwa mlango wa nyuma.
Asubuhi maji ya mtungi yanauma meno,
na mlama ulio kisogoni mwa zizi
umeanza kuona haya, jani kwa jani:
kwanza pembeni, kama sikio la mtoto aliyefinywa,
kisha mti mzima, mwekundu, hauna pa kujificha.

Mninga nao umegeuka manjano,
manjano ya mafuta ya alizeti yaliyotoka kukamuliwa sasa hivi.
Hakuna aliyeutazama. Tunapura uwele.
Sakalani anapita chini yake akihesabu magunia,
majani yanamtua mabegani kama vyeo
asivyojua kwamba amepewa.

Kisha wakaja.

Kwanza dumuzi, wale tunaowaita skania,
maana hubeba shehena na hawatoi risiti.
Tega sikio kwenye kihenge usiku:
krr, krr,
kiwanda kisichojua sikukuu.
Asubuhi kuna unga chini, laini kuliko wa mashine,
na hakuna aliyesaga.

Nikachanganya mahindi na majivu. Nikaandika kwenye daftari:
*majivu, ndoo tatu.*

Halafu mchwa. Walipandisha barabara yao ukutani
bila tenda, bila mkandarasi,
wakafika kwenye picha yetu ya harusi
na kuanza na viatu vya Sakalani.
(Hata siku ile vilikuwa vya kuazima.)
Mimi waliniacha mpaka kiunoni.
Sikuandika kitu.

Siafu walikuja usiku wa Jumatano.
Hakuna anayegombana na siafu.
Tulitoa watoto, tukatoa mbuzi, tukatoa redio,
tukakaa uani, watu sita na mablanketi mawili,
miguu ndani ya duara la majivu,
baridi ikitupapasa mifukoni kama mwizi.
Ndani, gizani, kulikuwa na mvumo mdogo,
kama mtu anayekunja karatasi taratibu asiamshe wenziwe.
Mama mkwe alicheka peke yake:
"Waacheni. Mwaka mzima mnasema hamna wa kuwafagilia."

Na kweli walifagia.
Kulipokucha hapakuwa na mende, hapakuwa na kunguni,
wala yule panya wa darini tuliyekwisha kumzoea.
Nyumba ilinuka upya, kama siku tuliyohamia.
Ila nyuma ya mlango, ndani ya ungo uliochakaa,
tulikuta mayai tisa yamepoa
na mtetea aliyekataa kuyaacha.

Nyemo ana miaka saba. Hakulia.
Alikwenda kwenye mlama na ukindu wake wa majani,
akachimba kwa kijiko,
akatandika mekundu chini, ya mninga juu,
akabonyeza pembe zote nne
kama ninavyombonyezea shuka usiku.
Jani moja lilibaki. Akaniletea.
"Liandike," akasema.
Sikujua naliandikaje.
Nikalilaza kwenye daftari, ukurasa wa madeni,
nikafunga.

Upepo wa mwezi wa saba uliyakwangua yaliyosalia.
Miti ikasimama na mifupa yake,
sisi tukala mlenda mkavu na kungoja.

Leo kumbikumbi wamezingira taa,
mbawa zimejaa kwenye chai,
watoto wanakimbizana na sufuria.
Sakalani anauliza Mdachi anadaiwa debe ngapi.
Nafungua.
Kuna mdudu aliyepita hapa kabla yangu.
Jani limeliwa nyama yote, imebaki mishipa,
wavu mtupu wa rangi ya kutu,
na alipolimaliza akaendelea na karatasi:
jina la Mdachi lipo,
hesabu yake ni tundu.

"Ngapi?" Sakalani anauliza tena.

Nimeliinua kwenye taa.
Ninamwona yeye humo, vipande vipande,
na unywele mmoja mweupe
ambao sikuwahi kuuandika.