Maji ya Jivu

Kibao tuliandikiwa na fundi wa Kaloleni,
akaandika TAMBI ZA MKONO, akaona inatosha,
na watoto wa madrasa wakauliza
kama za mguu zipo.
Hatukufuta. Rangi ilikuwa imeshalipiwa.

Mwenye hoteli jina lake Ma.
Ukimwita Mama Ma, mteja mpya
hudhani una kigugumizi.
Alikuja Kisumu nyuma ya mume, mpima barabara.
Barabara ikaisha, mume akafuata barabara nyingine,
yeye akabaki na sufuria mbili, na mimi.

Mimi ni Kageha wa Chavakali.
Miaka sita nilisukuma chapati kando ya soko la Kibuye,
nikadhani unga umenizoea.
Wiki tatu tambi zikanikatikia mikononi
kama ahadi za mpangaji mwisho wa mwezi.
Mama Ma hakufoka. Alibonyeza donge kwa kidole gumba,
akasema kwa Kiswahili chake kisicho na ngeli:
"Unga hasira. Wacha lala."
Akaufunika kitambaa, kama mtoto mwenye homa,
tukakaa juu ya magunia tukimenya vitunguu saumu,
mvua ya saa kumi ikigombana na mabati.

Kisha unga wake wa siri ukaisha,
ule wa kijivu, wa kijiko kimoja,
unaolifanya donge likubali kuvutwa.
Mzigo umekwama bandarini.
Alinigeuzia kopo tupu,
akapangusa ndani kwa kidole, akanilambisha.

Nikasimama.
Ulimi ulimtambua mgeni huyu kabla yangu mimi:
jiko la nyanya yangu,
maganda ya maharagwe yaliyochomwa,
jivu ndani ya chungu kilichotobolewa,
maji yakidondoka, tone, tone, rangi ya chai ya maskini,
yale tunayoyaita musherekha,
yanayolainisha kunde sugu
na kumfanya mwali aambiwe ana mkono.

Jumamosi nilipanda kwetu.
Jumatatu nikashuka na chupa ya soda iliyojaa.
Mama Ma akanusa. Akaonja.
Akaketi chini, pale pale penye unga uliomwagika,
akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko,
akachora kwa kidole sakafuni:
kichaka. Moto. Jivu.
Akajigonga kifua. Kwao.

Tukakanda.
Donge likavutika, likakunjwa, likavutika:
mbili, nne, nane,
kumi na sita, thelathini na mbili,
hesabu niliyoikimbia darasa la saba
ikaning'inia kati ya viganja vyangu
nyembamba, na haikatiki.

Si kila kitu kilikubali.
Nilijaza mkate kwa mrenda;
ukatorokea pembeni mwa kikaango, ukazima jiko.
Mama Ma akanichapa kwa taulo.
Tukarudi kwenye nyama ya ng'ombe na binzari nyembamba,
mkate ule unaovunjika ukiuuma,
ambao Maalim Rajabu huula ameinama mbele
kama atafutaye sindano,
na bado kanzu inapata haki yake ya mchuzi.

Mwezi wa nane alisafiri kumzika babake.
Akaniachia ufunguo na neno moja: "Vuta."
Siku ya tatu akaingia dereva wa greda, mtu wa kwao,
vumbi la Ahero kwenye nyusi.
Nikajificha nyuma ya mvuke.
Akala. Akanyanyua bakuli, akanywa supu hadi chini,
akaiongelesha simu imtafsirie,
nayo ikasema, kwa sauti ya mwanamke wa redio:
"Figili ni chache. Pilipili ni mwoga. Kesho usirudie."

Kesho akarudi yeye.
Nikampa figili tele, pilipili isiyo na huruma.
Akalalamikia chumvi,
bila simu, kwa Kichina chake chote,
mdomo umejaa, vijiti vikinielekea
kama vile mimi ni dada yake na tumeshagombana juu ya hili
tangu utotoni.

Nikamjibu kwa Kimaragoli.
Nikamwongezea.