Sahihi ya Saa Nane Usiku

Nyamwamba ulipoacha njia yake
haukutangaza zabuni.
Ulichukua daraja, ukachukua wodi ya wazazi
na vitanda vyake,
ukatuachia mawe makubwa kama ng'ombe waliolala.

Kesho yake neno likafika Kasese kutoka Kampala,
limevaa buti na koti la mvua:
dharura.
Kwa neno hilo tangazo la siku ishirini
likawa simu ya dakika nne.
Bahasha tatu za bei zikawa bahasha moja,
wala si ya bei.

Sikatai. Nimewaona watoto wa Kilembe
wamelazwa juu ya madawati, wameloa,
na mvua haingoji akidi ya kamati itimie.
Haraka ilitakiwa. Nayo haraka safari hii ilikuwa na baraka,
ila baraka zote zilishukia ua mmoja.

Mimi ni Ithungu, mtunza ghala.
Funguo mbili, daftari moja,
kalamu nimeifunga mezani kwa uzi.
Saa nane usiku malori yakapiga honi.
Hati inasema blanketi elfu nne.
Nikahesabu kwa tochi ya simu, nikahesabu tena,
Asaba mlinzi akiniitikia kama tuko ibadani:
elfu mbili mia sita na kumi na mbili.
Nyembamba. Niliinua moja mbele ya taa za lori
nikamwona dereva upande wa pili
hadi vifungo vya shati.

Akasema, Mama, saini tu, zilizobaki ziko njiani.
Njia ipi, nikamuuliza, na daraja limekwenda?
Akacheka. Kijana mpole, naye katumwa.
Usiposaini, akasema, nageuza.
Nyuma yangu, ukumbini mwa kanisa,
mtoto akakohoa.
Akajibiwa na mwingine.

Nikasaini.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
hilo tuliambiwa.
Hatukuambiwa kuhusu mali inayopotea
humo humo daftarini, kwa mwandiko mzuri,
na muhuri juu yake.

Ila usiku ule, kwenye daftari la hesabu la mwanangu,
chini ya jedwali la kuzidisha,
niliandika 2,612. Tarehe. Namba za malori.
Nikamwambia Asaba atie dole gumba,
akatia, kwa masizi ya taa.

Miezi kumi na minne.
Wakaguzi wakaja kutoka Fort Portal, wawili,
wastaarabu, hata chai walikataa.
Wakapanga karatasi mezani.
Barua ya idhini: ina cheo, haina jina.
Kamati ya manunuzi: iliketi tarehe saba
kuidhinisha malipo ya tarehe tano.
Kampuni ya Masereka: ilizaliwa wiki ya mafuriko,
inaishi ndani ya sanduku la posta.
Na chini kabisa, wino uliokolea,
herufi zinazosomeka zote.

Hii ni sahihi yako?
Ni yangu.
Katika karatasi ishirini na tatu
ni mimi tu niliyeandika jina langu lote.

Nikalitoa daftari la mtoto.
Mkaguzi kijana alilisoma taratibu,
sita mara saba, sita mara nane,
akafika kwenye dole gumba, akanyamaza,
akaanza kunakili.
Mkubwa wake akasema: hiyo si hati rasmi.
Najua, nikasema.
Ile rasmi ndiyo iliyosema uongo.

Wameondoka. Sijui ripoti itamtaja nani;
mto ukishuka hubeba kwanza kilicho chepesi.
Lakini tangu juzi mawingu yamekaa juu ya Rwenzori
wala hayaondoki,
nami leo nimekwenda sokoni
nikanunua daftari jipya, kurasa mia mbili,
kwa pesa yangu.
Muuza duka alishangaa
nilipodai risiti.