Kuishiwa

Mwalimu Chilewa aliandika maneno mawili ubaoni,
akajipangusa chaki kwenye suruali:
run out.
"La kwanza mnalijua. La pili mnalijua.
Yakiwa pamoja ndipo hamyajui tena,
kama kaka zenu wakishafika mnadani."

Kigwe, mwezi wa kumi. Bati linalia kwa jua,
na vumbi limeingia kidato cha pili
bila kubisha hodi.

Akatupa sentensi ya kufasiri, ya watu na maji.
Mbeleje, mwepesi wa kunyoosha mkono, akasimama:
"Tumekimbia nje ya maji, mwalimu."
Tukacheka hadi dawati la nyuma
likapoteza mguu uliobaki.
Mwalimu hakucheka.
"Haya, nani amekimbia? Sisi au maji?"

Nyemo, aliyekuja shule na ndoo
kwa sababu akitoka hupitia korongoni,
alijibu akiwa amekaa:
"Kwetu hakimbii mtu.
Maji yanashuka mchangani polepole,
unayafuata kwa kata, mkono hadi kiwiko,
kesho hadi bega,
siku kata ikikwaruza mwamba
ndiyo basi.
Unarudi nyumbani. Unatembea tu."

Mwalimu akageuka aandike jibu,
chaki ikamwishia kwenye herufi ya nne.
Ubaoni pakabaki Tume,
kama zile zinazokuja baada ya kila ukame
kutuuliza tunakula nini.

Sasa nafasiri barua mjini, ghorofa ya tano,
na kitenzi kile hakipiti wiki bila kuja mezani:
dawa, mafuta, muda, subira ya wafadhili.
Kwao kila kitu kina mbio.
Mimi naandika tumeishiwa
na kuitazama ile -iw- ya katikati,
ndogo kama punje ya uwele,
na humo ndani kasimama mtu mzima
kitu kikimwishia mikononi.

Jana mkuu wangu alikata neno kwa kalamu nyekundu.
"Zito mno. Weka: upatikanaji wa maji una changamoto."
Nikaweka.
Jioni, ofisi tupu, nikalifuta,
maana nilisikia kata
ikikwaruza
na sikujua changamoto inakwaruza vipi.