Jina Lake Subiri

Alikuja ndani ya boksi la sabuni, wiki tano tu duniani,
mvua ya Aprili ikipiga mabati ya Njoro kama mtu anayedai kodi.
Nikamwambia, subiri, maziwa yanapata moto.
Subiri, nitafute gunia.
Subiri, usilie, mama yako yuko Uru na hakusikii.
Kulipokucha alikuwa amelichukua neno, amelivaa.
Tangu hapo nikisema subiri
anakuja mbio, masikio yamemtangulia.

Sasa ana miezi minne, na meno.
Amekula kandambili mbili, zote za kushoto,
na pindo la gauni la kwaya la Mama Ndekusara,
na ule ukurasa wa daftari la duka
wenye deni la Kileo, ambaye leo anaapa hadaiwi.

Elirehema kapiga simu toka Dodoma.
Mama, mpeleke mafunzo. Yupo koplo mstaafu kule Shanti,
kila Jumamosi saa mbili, elfu kumi na tano kwa wiki.
Nakutumia. Mbwa asiyejua kukaa
si mlinzi, ni mgeni wa chakula.

Elfu kumi na tano!
Mimi nilisoma hadi la saba kwa kahawa ya baba.

Mama Ndekusara anacheka juu ya michongoma:
shule ya mbwa mnyororo, mchana funga, usiku fungua.
Wa kwake yuko chini ya mparachichi tangu msiba wa mumewe,
na ardhi pale imekuwa duara, ngumu, inang'aa kama sahani.
Nimelitazama sana lile duara.
Sikumjibu.

Asiyefunzwa na mamaye, tunasema, halafu tunanyamaza
kana kwamba mama alikuwepo.
Wa huyu nilimnyang'anya mimi, kwa kilo mbili za sukari,
kabla hajamng'ata sikio kumwonyesha
lipi jino la mchezo na lipi la kuumiza.
Ulimwengu utakaomfunza ni upi basi?
Bodaboda za barabara ya KCMC?
Mawe ya watoto wakitoka shule?
Au mimi, na goti langu hili?

Ila kuna jambo sijamwambia Elirehema.
Nilimpeleka bweni ana miaka tisa.
Likizo ya kwanza alirudi, akaniamkia kwa adabu,
akakaa mbele ya sahani, mikono mapajani,
mpaka niseme kula.
Majirani wakanipongeza: mtoto kanyooka.
Nikatabasamu.
Usiku nikakumbuka alivyokuwa akiimba chooni
hadi kuku wanaitikia.

Jumamosi nikamfunga kamba ya katani, tukaenda.
Mbwa sita walikaa mstari mmoja kama wanakomunio.
Wangu akachimba shimo.
Koplo Kinabo akauliza jina. Nikalitaja. Hakucheka.
Akajikuna kidevu:
hapa kuna kazi, maana nikimwambia asubiri, atakuja.
Nikasema, usimbadilishie jina.
Akasema, mama, jina hatuligusi. Tutabadili amri.
Kwake itakuwa tulia.
Kisha akachuchumaa, mzee mzima, magoti yakalia kama yangu,
akamngoja Subiri amnuse hadi amalize.

Nimelipa wiki moja. Si mwezi.

Wakati wa kurudi, pale relini, pikipiki imebeba ndizi ikatujia kasi.
Nikasema, tulia.
Sauti ilitoka ndogo, kama ninaomba chenji.
Akanitazama. Akaitazama barabara.
Akakaa nusu,
makalio yananing'inia hewani, hayajui yashuke au yapande,
na mimi juu yake, kamba mkononi,
mguu mmoja mbele,
vivyo hivyo.