Mzinga wa Lusungu

Alikuja na karatasi ya daftari la hesabu,
vipimo kwa milimita, peni nyekundu.
Mimi hupima kwa futi na kwa jicho.
"Fundi Kihwele, nataka kasha."
Nikadhani la nguo, la harusi,
nikaanza kumpongeza.
"La kompyuta," akasema. "Ya michezo. Naiunda mwenyewe."

Julai, Mafinga. Ukungu umekaa barabarani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Lusungu, karani wa kinu cha mbao kule Changarawe,
mwaka mzima anadunduliza,
na vipande vinamfikia kwa basi, kimoja kimoja,
vimeviringishwa magazeti.
Makasha ya chuma yapo, ya kioo yapo,
yana taa zinazobadilika rangi kama kinyonga.
Bei: mishahara miwili.
"Tupu?"
"Tupu, fundi."
Nikaitazama paini iliyoegemea ukuta.

Akaniwekea prosesa kiganjani.
Kigae tu, chini yake kimejaa vitone vya dhahabu,
kinaenea kwenye kisanduku cha kiberiti.
Kulikuwa na nyingine, alisema, ya kore nane,
yenye mbio zaidi, yenye ulafi zaidi,
inayochemka kama maharage yaliyosahauliwa jikoni.
Yeye akachagua ya kore sita.
"Luku nanunua mimi.
Na mbio nisizoweza kuzipoza si mbio, ni homa."

Hapo nikamwelewa.
Maana mbao zangu nyingi huishia kuwa mizinga,
na mchana wa Oktoba nimekaa mbele ya mizinga
nikawaona nyuki wamejipanga mlangoni,
vichwa vimeelekea ndani, mabawa hayaonekani kwa kasi,
wakilisukuma joto nje
nta isije ikalainika.
Hakuna aliyewauzia feni.

Nikamuuliza: moto unazaliwa wapi?
Baridi ipite wapi?
Akachora mishale. Chini mbele, juu nyuma.
Tukabishana saa nzima juu ya tundu moja,
mimi nikitaka litazame dari, yeye ukuta.
Akashinda.
Alitaka feni nne, nikampa nafasi ya tatu.
Alitamani kipozeo cha maji, mirija na pampu;
nikamwambia maji na umeme vipangiwe nyumba mbalimbali.
Akacheka, akachukua cha hewa,
mnara wa mabati membamba
kama kurasa za kitabu ambacho hakijafunguliwa.

Likabaki vumbi. Kwangu vumbi ndiyo hewa yenyewe.
Akakata kipande cha chandarua cha msaada,
ambacho kwa baridi hii hakijawahi kumwona mbu,
akakipigilia tundu la mbele.
Dawa ya kijivu akaidondosha juu ya prosesa,
punje moja ya mchele, si mbili,
akashusha mnara, akakaza skrubu kwa mshazari,
ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Jumamosi usiku akaniita kwake.
Akabonyeza.
Kimya.
Akabonyeza tena. Kimya kile kile.
Mwaka mzima wa mshahara, nikawaza, na paini yangu.
Dakika arobaini tulitafuta kwa tochi ya simu
mpaka akauona waya mmoja, mweupe, umelala pembeni
kama vile haumhusu mtu.

Halafu feni zikaamka.
Ndiyo, ile sauti. Ninaijua ile sauti.

Kwenye skrini msitu wa miti nisiyoijua,
mtu mwenye upanga anakimbia, wala hatweti.
Kwenye pembe, tarakimu ya joto:
hamsini na nane. Sitini. Sitini na moja.
Hapo ikatulia.

Nikazunguka nyuma ya kasha.
Kwenye lile tundu tulilogombania
ilitoka pumzi ya uvuguvugu, yenye harufu ya utomvu.
Nikaikinga kwa viganja.
"Umechoka, fundi? Nizime?"
Cheza, nikasema. Cheza, binti.
Vidole vyangu bado vina Julai.