Nakala ya Tatu

Nilizaliwa ng'ambo ya reli, kwenye tembe
iliyoinama kama mtu anayesikiliza.
Gari moshi la Kigoma likipita usiku
vibuyu vya mama viligongana ukutani,
tukajua saa bila saa.

Maji yalikuwa Makole. Mamvula, dada yangu,
aliweka jiwe kwenye foleni, akarudi kulala.
Siku hizo jiwe lilikuwa na haki yake,
hakuna aliyelisogeza.

Kuchapa nilifundishwa na Mama Mgoli wa misheni.
Alifunika vitufe kwa kitambaa cha jikoni:
"Vidole vijue kwanza, macho yatafuata."

Ofisi ya ramani ikanipa meza ya dirishani.
Upepo wa Agosti ulijaza mchanga kwenye mashine,
herufi M ikagoma, ikawa inagusa na kuondoka.
Mshahara wa kwanza: sukari kilo mbili,
kanga, na viatu vilivyoning'ata hadi Krismasi.
Mama alionja chai, akaguna,
"Kumbe mji ni mtamu."

Kisha wakaja wapimaji na bikoni zao.
*Unaarifiwa kwamba ndani ya siku tisini…*
Majina themanini na saba, nakala tatu tatu,
kaboni ikinipaka buluu hadi viganjani.
Mahali fulani baada ya arobaini
vidole vilijua kwanza:
Mbeleje binti Ndahani, nyumba ya udongo, vyumba viwili.

Sikusimama. Sikukosea hata nukta.
Hilo ndilo linaloniamsha.

Jioni nilimsomea, maana hakujua kusoma.
Akaishika karatasi, akaigeuza, akaipapasa mgongo.
"Nani kaandika vizuri hivi?"
Nikasema, mashine.

Sasa pale pana benki, kioo kitupu.
Nafuata pensheni, navuta namba, nakaa
palipokuwa, kwa makisio yangu, mafiga yake.
Kuna ubaridi wa kununuliwa. Najifunika kanga.
Mlinzi, kijana mpole, huniambia, "Bibi, sogea kidogo,"
nami nasogea.

Nakala ya tatu ilitakiwa faili. Niliiba.
Ipo sandukuni chini ya shuka, imefifia,
na M haikufika kabisa: *beleje*, imeandikwa,
kama mtoto anayeanza kutaja majina.
Mwaka juzi nilichukua kalamu nikaijaza.
Mkono ulitetemeka, ikatoka imepinda,
mguu mmoja mrefu,
imeinama.