Bomba la Jikoni kwa Bogna

Bogna, bomba la jikoni kwako bado linavuja.
Nimelisikia leo, nimeketi na koti langu mwilini:
tone, kimya, tone,
na wewe unakata mkate ambao hakuna atakayeula.
Miaka mitatu alisema Jumamosi.
Jumamosi nitalitengeneza.
Na kila Jumamosi palikuwa na mtu mlangoni
ameshika bahasha kwa ncha za vidole
kama ashikaye samaki aliyeoza.

Zenon hakuwa mtakatifu. Niseme mapema,
kabla wenye suti hawajamsafisha.
Alikuwa na sauti ya msumeno.
Alisahau siku yako ya kuzaliwa
akakumbuka tarehe ya kila notisi ya mtaa wa Wschodnia,
hata ya ile nyumba iliyoegemezwa magogo isianguke.
Ulimpa pesa za makaa, akanunua stempu.
Ulimtupia kiatu. Nilikuwepo.
Alikiokota, akakurudishia kimefutwa vumbi.

Baridi ile mwenye nyumba alipong'oa madirisha ya ngazini
ili theluji ifanye kazi ambayo mahakama iliikawiza,
Zenon aliketi kwenye kipandio cha tatu usiku kucha
na chupa ya chai, na daftari la shule lenye picha ya sungura.
Akaandika: Saa nane. Nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri.
Mtoto wa Kwiatkowska anakohoa.
Saa tisa. Bado anakohoa.
Hakuandika dhuluma. Aliandika saa.
Hakimu alikisoma kikohozi kile ukurasa kwa ukurasa
mpaka akavua miwani.

Kisha hospitali.
Karani akakuuliza: wewe ni nani wake?
Mwenzake, ukasema.
Akapitisha kalamu kwenye fomu. Mke, dada, binti, mama.
Mwenzake hayumo.
Miaka ishirini na miwili ya sahani mbili,
ya kugombania blanketi,
ya kummulikia tochi asome mita kwenye ghala la chini,
ikakosa kisanduku cha kutiwa alama.
Ukabaki koridoni.
Na yeye aliyejua kila kifungu cha sheria
alikuwa nyuma ya mlango ule, hana pumzi ya kukitaja.

Makaburini manispaa ilileta shada refu kuliko jeneza,
utepe wa dhahabu, maneno matamu,
kutoka ofisi ileile iliyomwita mchochezi.
Uliligeuza. Utepe ukatazama ukuta.
Kisha wakaja wao:
bibi wa ghorofa ya nne ambaye hajashuka tangu Pasaka,
madereva wawili wa tramu, na sare zao,
wale vijana wa Kiukreni wa chumba cha uani,
kila mmoja na mshumaa ndani ya glasi nyekundu.
Hakuna aliyehutubia.
Mtoto wa Kwiatkowska, siku hizi ana ndevu,
akakohoa. Akaona aibu.
Nasi tukacheka, Bogna.
Mbele ya udongo mbichi, tukacheka hadi tukashikana.

Leo nimekuja na spana mfukoni.
Nilitaka kulinyamazisha tone, walau hilo niliweze.
Liache, umesema.
Nimeliacha.

Ndipo mlango ukagongwa, mara mbili, kwa woga.
Mwanamke, theluji mabegani, bahasha mkononi.
Samahani, nimeelekezwa hapa kwa bwana Zenon.
Mimi nilitazama sakafu.
Wewe ulifuta mikono,
ukaitwaa miwani yake iliyokuwa juu ya redio,
haikukufaa, ikateleza hadi ncha ya pua.
Ingia, ukamwambia. Vua viatu, vimelowa.
Ukamsogezea ule mkate.
Ukafungua daftari, ukurasa mpya,
ukatazama saa ya ukutani
na ukaanza kuandika.